Mkulima naye anapata presha na sukari? Ndiyo, mimi ni mmoja wao

Ndugu mleta uzi, umeuliza inakuwaje baba yako, mtu wa shamba tangu ujana, aambiwe presha iko juu, sukari imeanza kupanda na kiuno kimezidi kipimo, wakati haya tumezoea kuyaita magonjwa ya mjini. Swali hilo nilijiuliza nikiwa na miaka 46, nimekaa kwenye benchi la zahanati.

Nilikwenda kwa ajili ya kidonda cha mguu tu. Muuguzi akanipima presha, 148 kwa 94. Akaniambia nirudi kesho yake asubuhi kabla sijala, sukari ikasoma 6.2. Kisha akachukua utepe, akaupitisha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akasema, "Toa pumzi, usibane tumbo." Sentimita 106.

Hali tatu kati ya hizi tano zikikukuta, wataalamu wanaita sindromu ya metaboli: kiuno kipana, presha kuanzia 130 kwa 85, sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6, trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) kuanzia 1.7, na kolesteroli nzuri kuwa chini. Kila moja peke yake inaonekana ndogo. Zikikaa pamoja zinakusogeza kwenye kisukari, kiharusi na ugonjwa wa moyo, na wewe huumwi popote.

Nilimbishia muuguzi kwamba mimi nafanya kazi ngumu. Akaniomba nimhesabie, siku moja moja, wiki iliyopita nilifanya nini. Nikahesabu, nikanyamaza. Shamba linalimwa na trekta. Kila niendako napanda pikipiki. Maji yako uani. Kazi ya kutoka jasho imebaki ya wiki chache za msimu, miezi mingine ni kukaa. Sijutii hata kimoja, maana jembe lilimvunja baba yangu mgongo. Ila sahani yangu ilibaki ile ile ya mtu anayelima kwa mkono kutwa nzima.

Wala si kijiji chetu tu. Mwaka 2019 watafiti walichapisha hesabu za zaidi ya watu wazima milioni 112 duniani: zaidi ya asilimia 55 ya ongezeko la uzito kwa kulinganisha na urefu, kati ya 1985 na 2017, ilitoka vijijini.

Kingine kinachoniuma ni kwamba mazao bora tunayauza, halafu pesa ile ile inanunua vya pakiti, vinywaji vyenye sukari na mafuta ya bei nafuu. Hatufanyi hivyo kwa ujinga. Mboga zinaoza, pakiti haiozi. Ongeza usingizi wa kukatika kwa mawazo ya madeni, sigara, pombe ya kila jioni, na kituo cha afya kilicho mbali kiasi kwamba mtu haendi mpaka aanguke.

Lakini kwangu kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni macho ya watu. Mwenye kitambi anaonekana mambo yamemnyookea. Nilipopungua kilo 6 watu walianza kumuuliza mke wangu pembeni naumwa nini. Shangazi yangu alikuja kabisa kunisihi nile. Ningekuwa peke yangu ningerudi nyuma. Mke wangu alisimama nami, tukapunguza chumvi na mafuta kwenye chungu cha familia nzima badala ya mimi kupikiwa changu, na majirani wawili wakaanza kutembea nami alfajiri.

Na inasaidia kweli. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, kwa watu ambao sukari yao ilikuwa imekaribia kisukari, ulionyesha kwamba kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki kulipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Dawa ya metformini ilipunguza kwa 31.

Kwa hiyo usimwambie mzee kwamba ni mvivu au mlafi, utamfunga masikio. Kaa naye mhesabu wiki yake kama nilivyohesabiwa mimi. Mpeleke apimwe mafuta ya damu asubuhi, maana umetaja vipimo vitatu tu, na kama amepewa dawa za presha asiziache hata akijisikia mzima. Nenda na mama pia. Anakula chungu hicho hicho, na hujasema kama yeye amewahi kupimwa.