Umeolewa Prekmurje? Kislovenia cha darasani hakitoshi

Dada mmoja kaniandikia wiki hii: mtihani wa Kislovenia kafaulu, cheti anacho, lakini wakienda kwa wakwe Prekmurje, upande wa Slovenia ulio ng'ambo ya mto Mura, anabaki kutabasamu tu, hashiki kitu. Afanyeje? Mwenzangu, umebisha mlango wenyewe.

Nimeolewa hukohuko, kijiji cha karibu na mji wa Murska Sobota. Darasani Ljubljana, mji mkuu, viazi niliambiwa ni krompir. Mama mkwe anasema krumpli, kama Wahungari. Leo ni danes, kwake gnes. Roho ni duša, kwake düša, na hiyo ü ukiitamka kama u yetu watoto watakucheka. Chongoa midomo kama unataka kupiga mbinja, kisha useme i.

Kuna mwalimu mmoja alinikera. Nilisema gučati badala ya govoriti, yaani kuongea, akacheka mbele ya darasa, akaniambia maneno ya shamba niyaache shamba. Mpaka leo linaniuma. Mimi Mpemba, kicheko kile nakijua tangu Unguja.

Shamba gani? Watu wa Prekmurje walikuwa chini ya Hungaria mpaka 1919, wametengwa na Waslovenia wenzao, wakaandika vitabu kwa lugha yao wenyewe. Katekisimu ya Franc Temlin ilitoka 1715. Agano Jipya la Števan Küzmič likachapwa 1771. Lugha ya kuchapa Agano Jipya ndiyo ya kuchekwa?

Basi, dada, kaa jikoni. Siku ya bograč, ule mchuzi mzito wa nyama mchanganyiko na viazi unaopikwa uani kwenye sufuria kubwa, weka simu kando, menya viazi, sikiliza. (Wangu mimi, wa ng'ombe mtupu bila nguruwe, hupikwa pembeni, walishazoea.) Mume asikutafsirie. Na usimwombe mkwe aseme Kislovenia "sawasawa" kwa ajili yako. Akishazoea kukusemesha kiofisi, utakuwa mgeni mle ndani mpaka uzeeke. Ukikosea, endelea kuongea. Kesho rudi jikoni. Wanawake wengine mnapenda sana vyeti! Cheti ni cha ofisi ya vibali, hakikai mezani na wazee.

Juzi nimepokea simu ya nyumbani. Bibi wa jirani kanieleza habari za kuku wake mwanzo mpaka mwisho, namwitikia kwa ü zangu zote, kumbe anadhani anaongea na wifi yangu. Laiti yule mwalimu angesikia.