Jointi ya chini ya ardhi: hitishrinki isiyo na gundi ilivyoniumbua

Juzi kuna msomaji kaniandikia, "kaka nimeunga waya wa pampu nikafukia vizuri kabisa, jua likiwaka pampu inapiga kazi, mvua ikinyesha tu breka inakata, shida nini?" Nilicheka peke yangu ila kicheko cha uchungu, maana hayo yamenikuta mimi mwenyewe.

Ilikuwa kebo ya taa za bustani, jembe lilipita juu yake ikakatika. Mimi na ujuaji wangu nikasokota waya na plaizi, nikavisha hitishrinki, yani vile vibomba vya mpira vinavyosinyaa ukivipasha moto, zile nyembamba za kawaida, nikapasha kwa kiberiti cha gesi, juu nikazungusha tepu mpaka ikapendeza ukiiangalia. Nikafukia nikalipwa nikaondoka kifua mbele.

Mvua ya kwanza tu simu ikaita. Nikaenda kuchimba, na kwa sababu sikuweka alama nikaanza kuchimba pasipo jointi, nusu siku imeisha bado natafuta. Nilipoipata tayari mwenye nyumba kashaita fundi mwingine, na huyo bwana akaichana ile tepu mbele ya watu, maji yakachuruzika, shaba ishakuwa kijani, akauliza kwa sauti "nani kafanya hii?" wakati ananiona nimesimama hapo na koleo langu. Sijasahau mpaka leo na sidhani kama ntasahau.

Lakini ndo huyo huyo alinifungua macho, lazima nikubali. Alikata waya akanionyesha weusi umepanda ndani kama shibiri nzima, kwa sababu maji yakishaingia kwenye jointi yanapanda katikati ya nyuzi za shaba kama mafuta kwenye utambi wa taa. Na zile breka za kulinda watu nyingi zinakata umeme ukivuja miliampia 30 tu, kwa hiyo unyevu kidogo unatosha kabisa.

Sasa nyie mnaotaka kuitwa mafundi nisikilizeni. Chini ya ardhi ni hitishrinki yenye gundi ndani, ile nene ya kuta mbili. Hii nyembamba inabana waya lakini haizibi maji, na tepu ndo kabisa, isahau. Chukua inayosinyaa mara tatu, yani ya milimita 12 inaweza kushuka mpaka 4, ndo inapita juu ya kiungo na bado inabana waya pembeni. Na ivishe KABLA hujaunga, bana, mimi nimewahi kubana jointi tatu safi alafu nageuka nakuta mpira upo juu ya boksi la vifaa.

Zima umeme, hakikisha na testa. Kila waya upate kiungo chake cha kubana, kile kibomba cha chuma unachokiminya juu ya waya, na mpira wake, jointi zipishane zisikae sehemu moja, alafu mpira mkubwa ufunike zote na upande juu ya ganda la kebo huku na huku. Ganda lifute, lipige msasa kidogo, gundi haishiki kwenye udongo. Pasha kwa hitigani, ile bunduki ya kupuliza hewa ya moto, ukianzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, kiberiti kinachoma upande mmoja na kuacha masizi. Gundi lazima ichungulie pande zote mbili, usipoiona ujue hujamaliza. Na uache ipoe kabla hujaigusa, mafundi wenye haraka ndo wanaharibia hapa.

Kabla ya kufukia chomoa vifaa vyote upime kwa mega ya volti 500, kile kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja kwenye waya, ikisoma chini ya megaomu 1 usifukie, hata kama mteja amesimama anaangalia saa. Weka na alama juu.

Yule msomaji nilimjibu swali moja tu, mpira ulioweka ulikuwa na gundi? Hajarudi mpaka sasa, nadhani anachimba.