Kwako uliyepewa uadmini wa kundi la WhatsApp juzi

Kundi la wafugaji wa kuku lenye watu mia kadhaa huonekana jambo jepesi mpaka upewe uadmini. Subiri tu. Asubuhi moja utaamka ukute namba ngeni imemwaga usiku kucha mikopo isiyo na dhamana, mwaliko wa Freemason, na picha ambazo huwezi kuzifungua mbele ya watoto.

Anza na linki. Linki ya kundi ikishabandikwa Facebook hadharani haina mwenyewe tena, yeyote anaingia nayo. Ibadilishe kila unapoona wageni wanamiminika bila kujulikana wametokea wapi, kisha washa ile sehemu inayotaka admini aidhinishe kila anayeomba kuingia. Mwombaji muulize inboksi swali moja tu: unafuga nini, na uko wapi? Mfugaji wa kweli atakujibu zaidi ya ulichouliza, atakutumia na picha ya banda na kukuuliza dawa ya mafua ya kuku. Tapeli hana muda huo. Anatafuta kundi lingine.

Hata hivyo wengine watapenya. Maneno yao yanafanana sana: “Jamani, mimi nilikuwa nauza genge tu. Nikaweka elfu 50 kwa dada huyu, baada ya saa tatu nikapokea laki 5. Mfuateni inboksi.” Dakika haijaisha, namba nyingine inadakia: “Ni kweli wapendwa, hata mimi nimepokea!” Huyo wa pili ni mwenzake, au ni yeye yule mwenye laini mbili. Waondoe wote wawili. Piga picha ya skrini namba zionekane, futa ujumbe kwa wote, ndipo uwatoe. Kumtoa mtu peke yake hakufuti alichokwisha kuandika.

Na usidhani umemaliza. Aliyeingia kundini ameshaziona namba za wanachama, na wizi wenyewe hufanyika inboksi ambako wewe hufiki. Andika mstari mmoja: namba inayoishia na tarakimu hizi imetolewa, ikikufuata ibloku. Usilirudishe tangazo lake kundini kwa kichwa cha “jihadharini”. Wapo watakaosoma tangazo na kuliruka onyo.

Siku nyingine tangazo hilohilo litatoka kwenye namba ya mzee mnayemheshimu, na hapo maadmini wengi hupata kigugumizi. Mpigie simu ya kawaida, usimwandikie WhatsApp, maana huko atakujibu mwizi aliyeiteka akaunti yake. Mara nyingi utaambiwa kuna mtu alimwomba zile tarakimu sita za kuthibitisha WhatsApp zinazokuja kwa ujumbe mfupi, “zimekuja kwako kimakosa”, naye akazitoa. Itoe namba yake kwa muda na uwaeleze wanachama sababu, mzee asije akadhalilika. Kisha muelekeze ajisajili upya WhatsApp kwa laini yake; akiingiza msimbo mpya, mwizi anatupwa nje papo hapo. Akisharudi, mwambie aweke na ile namba ya siri ya hatua mbili.

Lakini matapeli, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Unamtoa mtu na hakuna anayemlilia. Kazi ipo kwa watu wenu wenyewe: dada anayeuza vitenge, kaka wa dawa za nguvu za kiume, mama mchungaji na zile jumbe za “tuma kwa watu 20 upokee muujiza” zenye mishale miwili juu, alama ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Hawa hawaibi, ila wanachama wanachoka, wanazima sauti ya kundi, na siku kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kinapoingia wilayani onyo linapita bila mtu kuliona. Wapangie siku. Jumamosi iwe ya biashara, na tangazo liwe na bei na mahali. Anayeuza vifaranga kwa oda, anayetaka nusu ya hela itangulie, atajwe na mwanachama angalau mmoja aliyewahi kupokea mzigo wake. Sheria hiyo itakuletea maneno. Vumilia, na anayebisha mjibu inboksi, kwani mbele ya watu hata mwenye kosa hupata mashabiki.

Usiwe admini peke yako. Tafuta mwenzako aliye nje ya nchi kama mnaye, kwa sababu saa nane usiku ya Dar es Salaam ni jioni Chicago, na matangazo mengi humwagwa mkiwa mmelala. Maadmini wakizidi wanne nao huanza kutegeana.

Namba za matapeli usiziache zikae tu kwenye simu yako. Kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) hupokea taarifa za namba za utapeli kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Mwanachama aliyekwisha kutuma hela apige simu kwanza kwa mtandao wake kuomba muamala uzuiwe, kabla hajakuandikia wewe maelezo marefu.