Muulize Fundi: kuosha moteri ku nyumba bila kuua gari

Yaya Fundi, jambo. Niko huku Ndosho, Goma, niko na Carina ya zamani, inaendaka Sake na kurudi karibu kila siku. Nikifungua kapo ni aibu, vumbi nyeusi imeshikana na mafuta mpaka moteri haionekane vizuri. Jirani mmoja anasema nichukue esansi (petroli) na brosi nisugue, mwingine ananituma kwa vijana ba lavaji bapige na mashini ya presyo. Bibi yangu anasema niache vile iko maadamu inatembea. Mi naogopa maji na mambo ya umeme. Nifanye nini? (Papa wa Ndosho)

Papa, jambo sana. Bibi yako hajakosea sana, moteri chafu inaweza tembea miaka mingi bila shida, uchafu peke yake hauiue haraka. Lakini ile mafuta yenye kushika vumbi inatoka fasi fulani, na maadamu imefunikwa na hayo matope makavu hautajua kama inatoka juu ku kifuniko, chini ku karteri (bakuli ya mafuta ya moteri), ama ku tiyo fulani. Mi naoshaka moteri juu ya kitu hiyo tu, nione wapi inavuja. Kama ni juu ya kung'ara, bora pesa ile uifanyie vidanji (kubadilisha mafuta).

Esansi hapana, ata kidogo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa chini ya gari, kiisha cheche moja ya batri ama jirani na sigara yake, basi, umechoma gari na nyumba. Batu banasema "lakini tunafanyaka hivo kila siku", ndiyo, mpaka siku ile. Mazutu (dizeli) haishike moto haraka vile lakini inalegeza kauchu za tiyo na inaacha mafuta nyembamba juu ya kila kitu, na kwa hii vumbi ya Goma ni kama umepaka gundi, wiki haitaisha utarudi pale pale.

Vijana ba lavaji si babaya, shida ni ile mashini. Maji ya presyo kutoka karibu inaingia mu fishi za umeme na mu alternateri, na ikiisha kuingia haitoke haraka, leo gari inawaka, wiki ijayo fishi imeoza na kutu ndani na fundi anatafuta siku mbili. Fanya ku nyumba, bidoni moja ama mbili inatosha, na mu mji wenye maji yanakuja na bidoni juu ya chukudu ama juu ya kichwa, hiyo pia ni faida.

Fanya asubuhi mbele gari haijatembea. Moteri iwe baridi kabisa, juu maji ya baridi ikikuta kolekta ya eshapma (chuma yenye kupokea moshi ya moteri) yenye moto, chuma inaweza pasuka, na sabuni ikikauka juu ya chuma moto inaacha madoa. Kivuli ni muzuri kuliko jua kali. Kiisha utoe batri: funguo ya 10, anza na minus. Watu wengi banauliza juu ya nini minus kwanza. Ukianza na plus na funguo yako ikagusa bodi ya gari, utaona cheche ya kukutisha, lakini minus ikiisha kutoka hakuna tena njia ya umeme kupita. Wakati wa kurudisha, plus kwanza, minus ya mwisho. Kama radio yako inaombaka kodi, uitafute mbele ya kutoa batri, usije kukaa bila muziki mpaka Sake.

Sasa kazi kubwa, na hapa njo watu banakimbiaka mbio: toa vumbi ikiwa kavu. Chukua brosi ya rangi, ile laini, upanguse kila kona, utoe majani yenye kujaza chini ya parebrizi juu ile inazibaka njia ya maji ya mvua. Vumbi yetu si kama ya fasi zingine. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, ikashuka tena Mei 2021 mpaka pembeni, na mawe yake njo tunajengea na njo tairi zinasagaka barabarani kila siku. Ni muchanga yenye makali. Usipanguse rangi ya gari na kitambaa kavu ukiwa unainama mu moteri, utaona mistari kesho. Ukitoa vumbi vizuri kavu, nusu ya kazi imeisha na haujatumia ata tone ya maji.

Mafuta yenye kuganda uyakwangue na kijiti ama plastiki, uipanguse na vitambaa vikukuu, uvitie mu sashe. Usiache maji njo ibebe ile yote. Chini yetu hapa ni mawe yenye matundu, maji inashuka tu, na wengine jirani banachota maji ya kunywa mu Kivu. Kwa hiyo pia usiende kuoshea moteri ku libodi ya ziwa, tafadhali, ata kama kule maji ni ya bure.

Kiisha ufunike. Sashe na skochi: alternateri, delko (yenye kugawa umeme) na nyaya za boji (zile za kuwasha moto mu silinda), boksi ya fizibli, kalkilateri (kompyuta ya moteri) kama iko pale mbele, na mlango wa hewa wa filtri. Angalia vifuniko vya mafuta, radiateri, freni na kijiti ya kupimia vimekaza. Kama siku moja utakuwa na gari ya hibridi, nyaya zenye rangi ya machungwa usiziguse wala kuzimwagia maji, mle muna umeme wa kuua mtu.

Sabuni: degresanti ya moteri ya ku kenkayeri, ama tu sabuni ya maji ya vyombo mu maji ya uvuguvugu. Soda kostike hapana, inakula aluminyumu, na moteri yako iko na aluminyumu mingi. Vaa glavu. Paka kuanzia chini kwenda juu, ngoja dakika 3 ao 5, usiache ikauke, sugua, kiisha suuza kuanzia juu. Kwa kusuuza mi natumiaka chupa ya maji ya litre 1.5 yenye nimetoboa kifuniko na msumari: maji inatoka kama mvua ndogo, hakuna nguvu ya kuingia mahali. Kuruwa (mikanda) zisuuze vizuri juu sabuni ikibaki pale zitapiga kelele.

Kausha na kitambaa, toa sashe zote (kuna batu banasahauka ile ya filtri, gari inakataa kuwaka banasema fundi ameharibu), acha kapo wazi saa moja ao mbili. Kama iko mtu wa kupuliza matairi karibu, apulize hewa mu kona. Rudisha batri, washa, acha inguruke dakika 10. Moshi mweupe kidogo ya maji yenye kukauka, usiogope. Baada ya siku tatu fungua tena na tochi: fasi yenye mafuta mapya njo inavuja pale. Kama haieleweke, panguse vizuri, nyunyizia poda ya watoto, tembea kidogo, urudi kuangalia wapi poda imelowa.

Bwana yangu aliosha moteri ya RAV4 jana, leo inatetemeka na taa ya rangi ya machungwa inawaka na kuzimika. Afanye nini? (Mama wa Himbi)

Mama, aache kuitembeza kwanza. Ile taa ya moteri ikiwaka na kuzimika maana yake silinda moja haichome vizuri, na esansi yenye haijachomwa inaingia mu katalizeri (yenye kusafisha moshi mu eshapma) inaiharibu, na ile kitu ni ya bei. Mara nyingi ni maji tu yenye imekaa mu shimo za boji. Atoe batri, atoe bobini (zile zinapeleka umeme ku boji) moja moja bila kuchanganya, akaushe shimo na kitambaa ama hewa mbele ya kufungua boji yoyote, kiisha arudishe. Taa ikibaki, garaji.

Nimeonyeshwa gari ya kununua hapa Katindo, moteri inang'ara sana. Ni alama muzuri? (Kijana mnunuzi)

Ndugu, moteri kavu yenye vumbi kidogo inanipa moyo kuliko ile imeoshwa jana. Omba uitembeze mpaka Sake na kurudi na mwenye gari pembeni, kiisha ufungue kapo na uiname kuangalia chini, kama kuna mafuta mapya utayaona mwenyewe.