Shangazi wa Saiti: Picha Nzuri, Saruji Haionekani

Barua za mwezi huu zimezidi nafasi, nimechukua tano. Kwa msomaji mgeni: nilianza kazi za ujenzi nikiwa karani wa stoo, nahesabu mifuko na kugombana na madereva, na miaka mingi baadaye nikastaafu nikiwa msimamizi wa kazi. Mwili umestaafu, mdomo bado.

Shikamoo Shangazi. Najenga nikiwa mbali, na mdogo wangu ndiye msimamizi. Kila jioni ananitumia picha kwa WhatsApp, nzuri kweli, mafundi wanachapa kazi, jua linazama nyuma ya nguzo. Juzi wamemwaga jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, la mita 10 kwa 8, unene sentimita 15, mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Ananiambia imekwenda mifuko 110 ya saruji. Sitaki kumtuhumu ndugu yangu wa damu. Nifanyeje?
*Kaka wa mbali*

Marahaba mwanangu. Tuanze na hesabu, maana yenyewe haina undugu. Kumi mara nane mara 0.15 ni mita za ujazo 12. Kwa mchanganyiko huo, mita moja ya ujazo hula mifuko sita na kitu ya kilo 50. Jamvi lako lilihitaji kama mifuko 76. Weka na ya kumwagika, sema 80. Mifuko 30 haijulikani ilikokwenda.

Usimpigie simu kwanza. Nikiwa stoo nilishawahi kumwita kijana mwizi mbele ya watu, kumbe mashimo ya kifusi ndiyo yaliyokula zege. Kama kifusi chini ya jamvi hakikusawazishwa, na unene ukaja sentimita 20 badala ya 15, hiyo peke yake ni mita 16 za ujazo na mifuko 100 hivi. Uliza pia walipima kwa nini. Wakipima kwa chepe badala ya boksi au ndoo, kila mtu ana chepe lake na mkono wake. Halafu kuna mchanga mbichi: mchanga wenye unyevunyevu huvimba, unaweza kuongezeka robo nzima, hivyo boksi lililojaa lina mchanga pungufu na saruji inakwenda nyingi kwa zege lile lile. Sababu ya nne ndiyo hiyo unayoiogopa. Inawezekana, lakini imekaa ya nne.

Sasa hizo picha. Mdogo wako anakutumia anachodhani unataka kuona, yaani watu wakifanya kazi. Wewe omba picha za vitu vitakavyofunikwa kesho. Kina cha msingi, futi ya kupimia ikiwa imesimama ndani ya shimo. Nondo kabla ya zege, futi imelazwa juu yake ili uhesabu nafasi kati ya moja na nyingine, na ionekane kwamba zimeinuliwa, hazijalala kwenye nailoni iliyotandikwa chini. Ukurasa wa daftari la stoo wa siku hiyo: iliyoingia, iliyotoka, nani kaichukua, kwa kazi gani, iliyobaki. Na hati ya kupokelea mzigo, ikiwa na saini ya aliyehesabu, siyo ya aliyeleta. Nne hizo zikifika kabla ya kumwaga, mpe ruhusa. Zisipofika, zege lisubiri. Picha ya machweo atume akipenda.

Nondo nazo zina hesabu yake, ikariri: chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita moja. Nondo ya milimita 12 inatoka kilo 0.89 hivi kwa mita. Mwambie akate kipande cha mita moja akipime kwenye mizani ya kawaida. Kikija kilo 0.7, umeuziwa nondo nyembamba yenye jina la nondo nene, na hapo mwizi wako hayumo nyumbani kwenu kabisa.

Jambo la mwisho halihusu zege. Hukusema kama unamlipa. Mtu anayeshinda juani kwa ajili ya nyumba ya mwenzake, tena kwa ahsante, mifuko itamshawishi siku moja. Mpe mshahara unaojulikana, halafu umdai daftari bila haya.

Shangazi, mimi ni mkandarasi kijana, nina saiti nne. Zote zinachelewa. Mara tatu mfululizo kilichonikwamisha ni madirisha ya alumini. Mwenzangu anasema tununue droni na programu ya kusimamia miradi, ndiyo mambo ya kisasa. Unashauri nini?
*Mkandarasi anayekimbizwa*

Droni itakuonyesha vizuri sana, kutoka juu, kwamba madirisha hayapo.

Nisionekane mshamba. Droni ina kazi yake: kupima ujazo wa udongo uliochimbwa kwenye eneo kubwa, kukagua paa bila kumpandisha mtu. Ila ugonjwa wako umeuandika mwenyewe kwenye barua. Dirisha linachukua wiki kadhaa kutengenezwa, na wewe unaliagiza ukuta ukishasimama na fundi wa alumini akishakuja kupima tundu. Wiki hizo zote plasta ya pembeni mwa madirisha haimaliziki, rangi haianzi, sakafu unaogopa kuiweka kwa sababu mvua inaingia.

Mwaka 1957 wataalamu wa kampuni za DuPont na Remington Rand nchini Marekani walianza kuitengeneza njia ambayo leo imo ndani ya karibu kila programu ya ratiba. Wazo lake ni hili: katika kazi zote za mradi, upo mnyororo mmoja ambao pete yake yoyote ikichelewa siku moja, jengo zima linachelewa siku moja. Kazi nyingine zina nafasi ya kupumua. Kuchelewa kupanda maua hakumuumizi mtu. Kwako madirisha yamo ndani ya mnyororo, na unayatendea kama maua.

Chukua karatasi kubwa, ibandike ukutani. Andika siku ya kukabidhi, halafu rudi nyuma: rangi siku ngapi, plasta siku ngapi, kufunga madirisha, kuyatengeneza, kuyaagiza. Utashangaa siku ya kuagiza imeangukia wakati bado unajenga kozi za chini, ile mistari ya kwanza ya tofali. Utafanyaje, na tundu halijakuwepo? Tengeneza fremu za mbao za vipimo vya kwenye ramani, mwashi ajengee kuzizunguka, na mtengeneza madirisha afuate kipimo hicho hicho. Hakuna wa kumngoja mwenzake. Ukishaizoea njia hii kwenye karatasi, nunua programu, maana saiti nne ukutani ni vurugu.

Ukiniuliza ningenunua nini kwanza, ni pimamaji ya leza. Inasimama katikati ya chumba, inazungusha mstari kwenye kuta zote, na ubishi wa "sakafu imelala" unakwisha kwa dakika mbili. Cha pili ni kuwataka wachoraji wako waunganishe michoro yote, ya jengo, ya maji na ya umeme, ndani ya mfano mmoja wa kompyuta wenye pande tatu. Nimeshuhudia boriti iliyokwisha kukomaa ikitobolewa kwa nyundo ya umeme ili bomba la maji taka lipite, na mtobozi alikata nondo mbili za chini, zile zinazobeba. Mhandisi alipofika alikaa juu ya tofali kimya. Mchoro wa bomba ulikuwepo, wa boriti ulikuwepo, ila havikuwahi kuwekwa meza moja. Kompyuta ingeona mgongano huo kabla hata mchanga haujaletwa.

Na lile kundi lenu la WhatsApp: maagizo yanazama chini ya salamu za asubuhi. Litumieni, lakini kila agizo linalogusa kipimo, pesa au siku, msimamizi alihamishie kwenye daftari la siku jioni ile ile, pamoja na idadi ya watu waliofanya kazi, mizigo iliyofika na hali ya hewa. Siku mteja akikuuliza kwa nini mmechelewa wiki mbili, mvua iliyoandikwa inaaminika. Inayosimuliwa inaonekana kisingizio.

Mpendwa Shangazi, linta, zile boriti za juu ya milango na madirisha, zimeshamwagwa. Mume wangu na mimi tunataka kusogeza ukuta wa jiko mita moja ili jiko liwe kubwa. Fundi anasema ni kitu kidogo, hakuna haja ya kumsumbua mhandisi. Ni kweli?
*Mama mwenye jiko dogo*

Mama, neno "kidogo" kwenye saiti hunitoa jasho.

Mwaka 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za kupita watu zilikuwa zimening'inizwa juu ya ukumbi, moja juu ya nyingine. Katika mchoro wa awali zilishikwa na vyuma virefu vilivyoshuka toka darini na kupita kwenye zote mbili. Vyuma hivyo vilikuwa na usumbufu kuvifunga, vikagawanywa: seti moja toka darini hadi njia ya juu, nyingine toka njia ya juu hadi ya chini. Ukitazama kwa jicho ni kitu kile kile. Kumbe sasa maungio ya njia ya juu yalibeba njia zote mbili, mzigo mara mbili. Badiliko liliidhinishwa bila hesabu kupigwa upya, na jioni moja ya mwezi Julai, watu wakiwa kwenye dansi, njia zilianguka. Walikufa watu 114.

Jiko lako si hoteli, najua. Ila swali ni lile lile: ukuta huo umebeba nini? Kama juu yake kuna boriti au sakafu ya ghorofa, mzigo utashukia wapi ukishausogeza? Fundi wako anaweza kuwa mwashi hodari, na swali hilo lisiwe lake. Mpelekee mhandisi. Akikubali, andikeni karatasi moja kabla nyundo haijainuliwa: kinachobadilika, kitaongeza pesa ngapi, kitaongeza siku ngapi. Wewe saini, mjenzi asaini.

Ninasisitiza karatasi kwa sababu nimeungua. Mwaka wangu wa pili wa usimamizi mwenye jengo alipita, akiwa ndani ya gari, akaniambia tuinue sakafu sentimita 10 asije akaingiliwa na maji. Nikaitikia. Tukainua. Hakuna aliyemwambia seremala wa milango wala mjenga ngazi. Milango yote ya chini ilikatwa, na kidato cha kwanza cha ngazi kikawa kifupi kuliko vingine. Kila mgeni alijikwaa pale pale. Mwenye jengo alipoulizwa alisema hakumbuki. Na mimi sikuwa na hata mstari mmoja wa kumuonyesha.

Kama bado mna mawazo mengine, yamalizeni sasa, kwenye ramani, ambako ukuta unafutwa kwa raba. Jumba la Opera la Sydney lilianza kujengwa mwaka 1959 kabla muundo wa paa lake haujapatiwa ufumbuzi. Lilikadiriwa dola za Australia milioni 7, likafunguliwa mwaka 1973 likiwa limekula milioni 102. Leo ni zuri, wanaliweka kwenye kadi za posta. Wewe na mume wako hamna serikali ya kuwalipia tofauti.

Shangazi, mimi fundi zege. Mwenye nyumba ana haraka, anataka nitoe mirunda inayoshikilia slabu, zege la sakafu ya juu, siku ya saba. Pia vibarua wanalalamika zege gumu, naongeza maji kidogo. Kuna ubaya?
*Fundi*

Upo, mara mbili. Siku ya saba zege la saruji ya kawaida linakuwa limefikia kama theluthi mbili tu ya nguvu inayohesabiwa siku ya 28, na slabu hubeba uzito wake tangu dakika unapoondoa mrunda. Siku ya kuutoa anaitaja mhandisi, kwa kutazama urefu wa slabu na hali ya hewa. Mwenye haraka amwandikie yeye, asikuandikie wewe. Wakati unasubiri, slabu ilowe muda wote, siku saba zisipungue.

Maji: mfuko mmoja wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, ukihesabu na yale yaliyomo kwenye mchanga. Ndoo ya ziada inawafurahisha vibarua leo, kisha inakauka na kuacha vitundu ndani ya zege. Likiwa gumu kufanyia kazi, tafuta mashine ya kutetemesha zege, au muulize mhandisi kuhusu dawa ya kulainisha.

Shangazi, unatufundisha sisi. Je, nyumba yako mwenyewe ilikwisha kwa wakati?
*Mchokozi*

Ilichelewa miezi saba. Nilibadilisha ngazi zikiwa zimeshafungwa mbao. Mjenzi wangu, kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, aligoma kugusa kitu hadi nimletee karatasi. Nikaenda ndani, nikaandika badiliko, pesa na siku, nikasaini pa mwenye nyumba. Akaisoma yote, akanirudishia: nilikuwa nimesahau tarehe.