Jibu: Selimundu na kiharusi kwa watoto

Dada yangu, umeuliza kama upungufu wa damu unaweza kumletea kiharusi mwanao wa miaka 6 mwenye selimundu, ilhali presha yake ni ya kawaida. Unaweza, na kwa ugonjwa huu presha nzuri isikupe utulivu wa bure. Seli nyekundu zilizopinda huharibu kuta za mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, mishipa hiyo ikazidi kuwa myembamba; na kwa kuwa damu yenyewe ni pungufu, ubongo hulazimika kupokea damu kwa kasi kubwa ili upate oksijeni ya kutosha, hivyo homa kali au kushuka kwa damu ghafla huukuta hauna akiba. Bila kinga, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 wa aina ya SS (aliyerithi selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili) hupata kiharusi kabla ya kufikisha miaka 20.

Ombeni kipimo cha Dopla ya kichwa, ambacho ni aina ya ultrasaundi isiyo na sindano wala maumivu, inayopima kasi ya damu katika mishipa ya ubongo. Kasi ya damu ikifika sentimita 200 kwa sekunde, daktari atajadiliana nanyi kuhusu kuongezewa damu mara kwa mara, na baadaye pengine haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya selimundu. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wengi wetu hukimbilia, havizuii kiharusi hiki, na asipewe bila kupimwa. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hata kwa dakika chache tu, mpelekeni hospitali papo hapo.