Kwa nini nilimrudisha yule binti

Old Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Aikande,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka, ya tatu nikaona una haki ya kujibiwa. Umeuliza: "Mama, kwa nini umemrudisha yule binti wa Singida niliyekuletea akuhudumie, tena ukanificha mwezi mzima? Alikukosea nini? Au unataka niache kazi nije nikuhudumie mwenyewe?" Kwenye simu nisingeweza. Wewe ukianza kulia mimi naanza kukubali kila kitu ili unyamaze, halafu tukikata naanza kujuta. Ndiyo maana nimechukua kalamu, na huyu mtoto Elia ataipiga picha akutumie.

Binti hakunikosea kitu. Nilimsindikiza stendi mimi mwenyewe, nikamlipa mwezi mzima ingawa alikaa wiki tatu, nikamfungia na chane mbili za ndizi za kuiva. Ana bidii kuliko wengi niliowafundisha. Tatizo lilikuwa hiyo bidii yenyewe. Nikifungua macho, ng'ombe ameshakatiwa mgomba, uwanja umefagiwa, chai iko mezani imefunikwa. Nikikaa kwenye kigoda nimenye mshare za mtori, anakuja taratibu, anakitoa kisu mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto wembe. "Bibi, pumzika." Nikiinuka nikawatupie kuku mahindi, "Bibi, kaa." Ulimwambia bibi asiguse kitu, naye akatii.

Ikafika Jumapili ya tatu. Niko kanisani, benchi langu lile la kushoto karibu na nguzo. Mchungaji akasema tusimame kwa ajili ya Injili. Watu wakasimama, mimi nikabaki. Maumivu sikuwa nayo, miguu ilikataa tu, kama mtoto aliyesusa chakula. Nikashika benchi la mbele kwa mikono miwili, nikajivuta, na nilipofaulu kusimama wima wenzangu walikuwa wanaketi. Mama aliyekaa pembeni yangu akajifanya anatafuta ukurasa kwenye Biblia. Kilichoniuma ni huko kujifanya.

Jumanne yake ilikuwa siku yangu ya kliniki ya presha, nikaomba nimwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kijana mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Alinikalisha kwenye kiti cha kawaida, akaniambia nikunje mikono kifuani, niinuke na kukaa mara 5 mfululizo, yeye akaangalia saa. Sekunde 21. Akasema ikizidi 15 maana yake nguvu za miguu zimepungua, na mtu wa namna hiyo yuko karibu na kuanguka. Kisha akanisimulia utafiti uliofanywa Marekani: wazee wazima kabisa, wasio na ugonjwa, walilazwa kitandani siku 10 ili waone mwili utafanya nini. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Siku 10, mwanangu! Mimi nilikuwa nimekaa wiki tatu nikiletewa chai.

Nilirudi kwenye haisi nimenyamaza, maana nilikuwa namfikiria baba yako.

Ninyi mlikuja mkamkuta amelala, mkaamini nyonga ndiyo iliyomlaza. Nyonga ile ilitiwa chuma vizuri, na kesho yake tu walimsimamisha kando ya kitanda. Siku tunaruhusiwa tulipewa ile fremu ya kutembelea na maagizo yaliyoandikwa: atembee ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku, ale mezani, avae nguo mwenyewe. Mwalimu mzima mimi, miaka yote ile nikiwasisitizia watoto wa watu wafuate maagizo, nikaikunja ile karatasi nikaitia kabatini. Nilimwona anang'ata midomo akihangaika na kifungo cha shati, nikakifunga mimi. Nilimwona anatetemeka akielekea mezani, nikampelekea uji kitandani. Majirani walipokuja kunipa pole wakasema, mke ni huyu. Sifa ile ilinilevya kuliko mbege. Baada ya mwezi hakuweza kufika mlangoni bila watu wawili. Vikaja vidonda vya kulalia, halafu kifua, na mengine unayajua.

Mliponikuta namlisha kwa kijiko mkasema Mama ana upendo. Nilikuwa nao, Mungu anajua. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa mzima, Aikande. Ulikuwa unaweza kushika kijiko. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wako.

Sasa unielewe ninaposema binti ni mzuri na arudi kwao.

Najua kilichokutia hofu ni kule kuanguka kwangu Desemba, mbele ya wajukuu, usiku nikielekea choo. Hilo nalo lina maelezo yake, na uzee peke yake haukuhusika. Nilikuwa nakunywa ile dawa ya presha inayotoa maji mwilini jioni, nikawa naamka mara nne usiku. Maji nilikuwa sinywi, kwa sababu mzee kiu haimsumbui kama kijana, unaweza kukauka mwili bila kujua. Halafu nilikuwa natoka kitandani mbiombio. Pale kliniki nesi alinipima nimelala, akanipima tena nimesimama: ile namba ya juu ya presha ikashuka kutoka 148 hadi 122. Alisema ikishuka kwa 20 au zaidi mtu akisimama, kizunguzungu kinaweza kumtembelea na kumwangusha. Daktari akaihamishia dawa asubuhi. Na mimi sasa nikiamka nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nachezesha nyayo, nahesabu hadi 30, ndipo nasimama.

Jingine nilikuficha: vile vidonge vya magoti nilivyokuwa najinunulia duka la dawa, diklofenaki. Daktari alipoviona kwenye mkoba wangu alitikisa kichwa. Vinapandisha presha na vinaumiza figo, na mimi nilikuwa navimeza kama karanga. Nimeviacha. Magoti yanauma asubuhi, nikishatembea yanalegea.

Ninachofanya siku hizi si kikubwa. Naenda kanisani na kurudi kwa miguu, mlima na mteremko, karibu kila siku hata pasipo ibada. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za kutembea kwa nguvu kidogo kwa wiki, nami nazifikisha bila kuhesabu sana. Asubuhi nainuka na kukaa kwenye kiti mara 10 kabla ya chai. Nikisubiri maziwa yachemke nashika ukingo wa meza na kusimama kwa mguu mmoja, kama korongo, na Elia ananicheka. Hiyo ni ya kumfanya mtu asiyumbe, na kijana wa mazoezi alisema siku tatu kwa wiki zisipungue. Jana nilijipima tena kwa simu ya Elia: sekunde 18. Bado sijafaulu, lakini mwanafunzi anaendelea vizuri.

Chakula usijali. Mayai siuzi yote tena, nala mojamoja, na maziwa yapo. Kwenye kiburu, ndizi zetu za maharage, nimepunguza magadi, maana nayo yanahesabika kama chumvi, hili wengi huku hawalijui. Mama Elia analalamika kwamba maharage hayaivi upesi. Tumekubaliana kuyaloweka usiku.

Uliuliza pia, kwa sauti ya chini, kama nimeanza kusahau, kwa sababu nilimwita mtoto wako jina la dada yake. Mwanangu, nilikuwa nayachanganya majina ya watoto darasani nikiwa na miaka 30. Hapo jirani, wilaya ya Hai, watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Newcastle, Uingereza, waliwahi kuwapima watu wa miaka 70 na zaidi, na waliokutwa na ugonjwa wa kusahau hawakufika mmoja kati ya 10. Siku nikishindwa kujua njia ya kutoka kanisani kuja nyumbani, hapo panda basi uje.

Ila usidhani nakuambia uniache. Kuna mambo nashindwa na siyaonei aibu. Ndoo ya lita 20 sibebi tena. Majani ya ng'ombe kutoka tambarare siwezi. Kupanda juu ya kiti kubadilisha taa, hapana. Unachotakiwa kujua ni pale ninaposhindwa, unishike hapo, na pale ninapochelewa tu uniache nichelewe. Nikichukua nusu saa kumenya ndizi ambazo wewe ungemenya kwa dakika kumi, hiyo nusu saa ni yangu.

Sasa twende kwenye ile laki moja uliyoendelea kutuma ukidhani binti yupo. Sijaila. Ipo kwenye kopo la kahawa, na nina wazo.

Mtu anayenihudumia hapa ni wifi yako, Mama Elia, na hakuna aliyemwajiri. Mdogo wako ndiye aliyeachiwa kihamba, shamba letu la ukoo, kama mila yetu ilivyo, lakini anayeamka nikikohoa ni mkewe. Baba yako alipokuwa mgonjwa ni yeye aliyesaidiana nami kumgeuza, na mgongo wake haujapona tangu wakati ule. Nami najua huduma inavyomla mtu. Kuna usiku nilimkaripia baba yako kwa sababu amemwaga uji kwenye shuka nililobadilisha muda huohuo. Alinitazama tu. Nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki nyingi, na katika watu wote waliokuja kumjulia hali mgonjwa, hakuna aliyeuliza mimi nimelala saa ngapi.

Kwa hiyo hiyo pesa nataka tumlipe kijana wa jirani, siku mbili kwa wiki, alete majani na kubeba maji. Siku hizo Mama Elia ashuke zake Mbuyuni auze mitumba yake, na Alhamisi aende kwaya bila kuangalia saa. Nimemwomba tuende naye kliniki apimwe presha na yeye. Anasema hana muda, mpigie wewe, anakuheshimu. Na ukipiga simu usianze na "Mama anaendeleaje." Anza naye.

Mimi nikihitaji zaidi nitasema. Nikivunjika, au akili ikiniacha, au nikiwa sijiwezi kabisa, mtafuteni yule binti wa Singida, nitamfurahia. Lakini mpeni na karatasi ya maagizo, na msimruhusu aitie kabatini.

Desemba mkija, leteni chuma cha kushikia bafuni, kile kinachofungwa ukutani kwa skrubu. Kinachobandikwa kwa mpira sikitaki, kilishatoka mkononi mwa mama mmoja huku akaanguka nacho. Na mwambie mkwe wangu ile taa ya korido aliyoniahidi Pasaka bado naisubiri.

Mama yako